Kidonge Asubuhi, Chupa Jioni

Mtchew! Sogezeni benchi hilo, kaka nimiminie kahawa, halafu mnisikilize. Hili la kumeza kidonge cha lehemu asubuhi, jioni ukashushia dawa ya mitishamba ya chupa uliyouziwa na yule muuzaji wa spika, na ukifika kliniki unafunga mdomo, linaniuma kwelikweli.

Eti mitishamba haina kemikali! Kwani vidonge vya lehemu vilianzia wapi? Kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo, miaka ya 1970, ndiye aliyechokonoa kuvu hadi akapata kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu. Na ule mchele mwekundu wa Kichina uliochachushwa, unaouzwa kwenye kapsuli kama tiba ya asili, una monakolini K. Hiyo ndiyo lovastatini yenyewe, iliyoidhinishwa Marekani kama dawa mwaka 1987! Ukiimeza juu ya atovastatini ya hospitali, umekunywa dawa za ukoo mmoja mara mbili, na hiyo ya pili hujui kipimo chake. Umoja wa Ulaya, mwaka 2022, uliamuru monakolini hizo zisifike miligramu 3 kwa siku. Walikuwa na sababu. Misuli inauma, inalegea, na hali ikiwa mbaya sana inamomonyoka, mabaki yake yanakwenda kuumiza figo. Mkojo unatoka kama chai ya mkandaa. Hapo ni kukimbilia hospitali, si kusugua miguu kwa mafuta.

Kuna balungi pia. Tunda zuri, nalipenda. Lakini utumboni mna kimeng'enya kinachopunguza dawa kabla haijaingia kwenye damu, na maji ya balungi yanakizima. Simvastatini hasa, na atovastatini kwa kiasi, zinapanda kupita alivyokusudia daktari. Rosuvastatini haisumbuliwi hivyo. Ndiyo maana nasema ujue jina la dawa yako. "Kile kidonge cheupe" si jina! Ule mmea wa Ulaya wa kutuliza huzuni, hypericum, wenyewe unafanya kinyume: unakichochea kimeng'enya, dawa inapungua nguvu.

"Basi niache kidonge, nibaki na kitunguu saumu." Aka! Mwaka 2022 Cleveland Clinic ya Marekani ilitoa matokeo ya watu 190 waliofuatiliwa siku 28. Rosuvastatini ya miligramu 5 ilishusha lehemu mbaya kwa karibu asilimia 38. Vidonge vya kitunguu saumu, mdalasini, manjano, mafuta ya samaki, hata mchele mwekundu wenyewe, havikuonyesha nafuu ya maana kuliko kidonge kitupu.

Mlonge na uwatu sijavitukana. Tiba asili inatambuliwa kisheria Tanzania tangu 2002, kwa nini ifichwe? Na hapa madaktari nao wanisikie: mgonjwa akitaja mitishamba akafokewa mbele ya watu, kesho hatataja tena, na ataendelea kunywa. Muulizeni kwa upole, mwambieni aje na chupa yenyewe.

Na wewe babu, tangu juzi unalalamika mapaja yanakuuma, na kidonge unameza. Chupa iko wapi? Ichukue, na pakiti ya vidonge pia. Bodaboda nalipa mimi. Twende sasa hivi wakupime damu.