Namna ya Kumpima Mtani Aliyesajili

Katikati ya Februari 2004, mashabiki wa Boston Red Sox walipokea habari iliyowanyima usingizi: New York Yankees, watani wao wa jadi, wamemchukua Alex Rodriguez kutoka Texas Rangers. Rodriguez alikuwa na miaka 28. Alikuwa ametoka kutangazwa Mchezaji Bora wa American League kwa msimu wa 2003, na mkataba wake wa miaka 10 ulikuwa wa dola milioni 252. Kilichowauma zaidi ni kwamba Desemba iliyotangulia Boston walikuwa wamebakiza hatua moja kumpata wao. Walishakubaliana na Texas kubadilishana naye mpigaji wao Manny Ramirez, naye Rodriguez akaridhia kupunguziwa mshahara, lakini chama cha wachezaji kikalikataa punguzo hilo na mpango ukavunjika. Na kabla ya hapo, Oktoba 2003, Yankees walikuwa wamewatoa kwenye fainali ya American League kwa pigo moja la Aaron Boone, katika awamu ya 11 ya mchezo wa saba.

Ubishi ukawaka kutoka Boston hadi New York. Je, safu ya wapigaji ya Yankees imeongezeka makali, au wamenunua jina tu? Msomaji aliyewahi kukaa kijiweni Kariakoo wakati Simba na Yanga wanasajili anaujua moto huo bila kuelezwa.

Ubishi wa namna hii hurudi kila majira ya baridi, wakati viwanja vya besiboli vimefungwa na shabiki hana mchezo wa kutazama. Unastahili kufanywa kwa ustadi, kwa sababu hakuna darasa zuri la besiboli kuliko kumchunguza adui kwa haki. Ufuatao ni utaratibu wake. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi, kalamu, na rafiki mmoja wa upande wa pili mwenye sauti kubwa.

Hatua ya 1: Siku ya kwanza, funga mdomo

Habari ya usajili wa mtani humpata shabiki katika moja ya hali mbili. Kuna anayelia kwamba msimu umekwisha kabla haujaanza, na kuna anayecheka kwamba mchezaji huyo amechoka, ana kiburi, na hataliweza jiji la New York. Wote wawili wamesema kabla ya kuhesabu. Kunywa chai, lala, kisha kesho yake chukua kalamu.

Hatua ya 2: Andika waliotoka kabla ya walioingia

Gazeti humpiga picha anayeshuka kwenye ndege. Anayefungasha mizigo hapigwi picha, na hapo ndipo mashabiki wengi hupotea njia. Gawa karatasi yako pande mbili. Upande wa walioingia Yankees mwaka huo andika Rodriguez, halafu Gary Sheffield, aliyekuwa ametoka kupiga homurani 39 akiwa Atlanta, yaani mapigo 39 yaliyovuka uzio. Ongeza Kenny Lofton na Miguel Cairo. Ukiishia hapo, utalia.

Sasa jaza upande wa pili. Alfonso Soriano, aliyepelekwa Texas ili Rodriguez aje, alikuwa amepiga homurani 38 na kuiba besi 35 mwaka 2003. Rodriguez mwenyewe mwaka huo alipiga 47. Kwa hiyo Yankees hawakupata homurani 47 mpya. Waliongeza 9 juu ya zile walizokuwa nazo. Nick Johnson naye alipelekwa Montreal ili kumpata mrushaji Javier Vazquez. Na Boone, shujaa wa Oktoba, alikuwa ameumia goti Januari akicheza mpira wa kikapu. Pengo lake ndilo lililofungua mlango wa Rodriguez, ambaye alikubali kuhamia besi ya tatu ili Derek Jeter wa Yankees abaki mahali pake.

Mpigaji mpya hupimwa kwa kulinganishwa na yule aliyempokea nafasi, wala si kwa kulinganishwa na kiti kitupu.

Hatua ya 3: Uliza anafika besi mara ngapi

Homurani hupigiwa makofi na watu wote. Shabiki aliyekomaa huuliza swali la pili: katika kila mara 100 anazosimama kupiga, mtu huyu hufika besi mara ngapi? Katika mchezo wa kawaida wa awamu tisa, timu ina nafasi 27 tu za kutolewa. Anayefika besi, hata kwa kuiacha mipira minne mibovu ipite na kupewa besi ya kwanza bure, anaitunzia timu yake nafasi hizo adimu na kumpa anayefuata mtu wa kumpeleka nyumbani.

Kwa kipimo hicho Rodriguez alimpita Soriano kwa mbali: mwaka 2003 alifika besi kwa asilimia 39.6, na Soriano kwa asilimia 33.8. Hapo rafiki yako wa New York ana haki ya kupiga meza. Lakini Johnson, asiyekumbukwa na mtu katika zogo lile, alifika besi kwa asilimia 42.2, ingawa majeraha yalimruhusu kucheza michezo 96 pekee. Mweke Johnson mezani na umtazame rafiki yako akishusha sauti. Kisha mkumbushe mwenyewe kuhusu yale majeraha, kwa sababu hoja iliyokatwa nusu haifai hata ikishinda.

Hatua ya 4: Hesabu miaka na magoti

Majina ya wapigaji yakisomwa Februari, wote ni wazima. Msimu una michezo 162, na mwili wa binadamu haujui habari za mkataba. Sheffield na Bernie Williams walikuwa na miaka 35. Lofton alikuwa na 36. Jason Giambi alikuwa na 33, na mwaka 2003 alipiga homurani 41. Mwaka 2004 aliugua, akacheza michezo 80, akapiga 12. Homurani 29 zikayeyuka ndani ya timu bila mtu yeyote kuuzwa.

Hatua hii ifanywe kwa heshima. Kuhesabu umri wa mchezaji ni haki ya shabiki, ila kumwombea mabaya ni uchawi, na uchawi hauna nafasi kwenye karatasi yetu. Sheffield alizishinda hofu zote za umri: alipiga homurani 36 msimu huo na kushika nafasi ya pili katika kura za Mchezaji Bora.

Hatua ya 5: Muogope aliyeingia bila ngoma

Hii ni hatua ya mashabiki wa New York, na wangeifuata mwaka mmoja kabla wangejiokoa na mengi. Desemba 2002, Minnesota Twins walimwachia mpigaji wao mmoja mnene wa mkono wa kushoto aende zake. Januari 2003 Boston wakamwokota kwa mshahara wa dola milioni 1.25. Alikuwa David Ortiz. Majira hayohayo waliwaleta Bill Mueller na Kevin Millar, nao wakaingia bila kelele nyingi.

Mwaka 2002 Boston walikuwa wamepata mikimbio, yaani alama, 859. Mwaka 2003 wakapata 961. Mueller aliongoza American League nzima kwa wastani wa kupiga, na Ortiz akapiga homurani 31. Ni ongezeko la mikimbio 102, kutoka kwa watu ambao mashabiki wa mtani wangewapitia kwa jicho moja na kugeuza ukurasa. Basi chini ya karatasi yako acha mistari mitatu kwa ajili ya majina usiyoyajua, na uyasome kwa makini kuliko yale unayoyajua.

Waangalie pia waliokuwepo tangu zamani. Hideki Matsui alifika Yankees kutoka Japani mwaka 2003 na kupiga homurani 16. Mwaka wa pili, akiwa ameshawazoea warushaji wa Marekani, alipiga 31. Ongezeko hilo halikugharimu usajili wowote.

Hatua ya 6: Aprili usitoe hukumu

Msimu wa 2004 ulipoanza, Yankees walikwenda Boston kwa michezo minne. Rodriguez alipata pigo moja salama katika majaribio 17. Uwanja wa Fenway ulimzomea na kumcheka, na wengi wakaifunga kesi. Mwezi huohuo Jeter alikaa majaribio 32 mfululizo bila pigo salama hata moja. Kama Aprili ingekuwa hakimu, wote wawili wangefungwa.

Ulipofika mwisho wa msimu, Rodriguez alikuwa na homurani 36 na besi 28 za kuiba, naye Jeter alikuwa na homurani 23. Anayetangaza ushindi wa hoja mwezi wa nne huwa anatumia akiba ya miezi mitano ijayo. Kaa nayo hoja yako, iweke tarehe, na uifungue tena Oktoba.

Hatua ya 7: Jumlisha

Sasa jibu. Mwaka 2003 Yankees walipata mikimbio 877. Mwaka 2004, wakiwa na Rodriguez, Sheffield na kelele zote zile, walipata 897. Waliimarika, ndiyo, kwa mikimbio 20. Wachambuzi wa besiboli hukadiria kwamba mikimbio 10 ni sawa na ushindi wa mchezo mmoja, kwa hiyo usajili uliotikisa majiji mawili ulikuwa na thamani ya ushindi wa michezo kama miwili.

Shabiki wa Boston aliyelia Februari alikosea, kwa kuwa msiba ulikuwa mdogo kuliko machozi. Aliyecheka naye alikosea, kwa kuwa mtani aliimarika kweli. Aliyeandika pande zote mbili za karatasi ndiye aliyekaribia ukweli, na angeweza kuukaribia tangu mwezi wa pili.

Hatua ya 8: Geuza karatasi, uliza nani atarusha

Hapa ndipo ubishi kuhusu wapigaji hukomaa. Yankees wa 2003 walishinda michezo 101. Yankees wa 2004 walishinda 101 vilevile. Ile faida ya mikimbio 20 ilipotelea wapi? Katika majira yaleyale ya baridi, warushaji Andy Pettitte, Roger Clemens na David Wells waliondoka wote watatu. Mikimbio waliyofungwa Yankees ilipanda kutoka 716 hadi 808. Walichokiongeza kwa mkono wa kupiga, walikipoteza zaidi ya mara nne kwa mkono wa kurusha.

Boston walifanya kinyume chake. Walimleta mrushaji Curt Schilling, na Keith Foulke wa kufunga michezo. Mikimbio yao ilipungua kidogo, kutoka 961 hadi 949, lakini waliyofungwa ilishuka kutoka 809 hadi 768, na ushindi wao ukapanda kutoka 95 hadi 98. Schilling peke yake aliandikiwa ushindi 21. Kwa hiyo rafiki yako akikuuliza kama wapigaji wa timu yake wameimarika, mjibu kwa ukamilifu. Kisha muulize ni nani atakayesimama kilimani kuwarushia wengine.

Hatua ya 9: Kiri hadharani, halafu nenda kiwanjani

Oktoba 2004 timu hizo zilikutana tena kwenye fainali ya American League. Katika mchezo wa tatu wapigaji wa Yankees walishinda 19 kwa 8, ndani ya Boston, na kuongoza kwa michezo mitatu kwa bila. Usiku ule kila aliyesema kwamba Yankees wameimarika alionekana nabii. Mchezo wa nne, Yankees wakiwa mbele katika awamu ya tisa, Dave Roberts wa Boston akaiba besi ya pili mbele ya mrushaji Mariano Rivera, Mueller akapiga pigo lililomleta nyumbani, na katika awamu ya 12 Ortiz akaumaliza mchezo kwa homurani. Boston wakashinda 6 kwa 4, kisha 5 kwa 4 katika awamu 14, kisha 4 kwa 2, kisha 10 kwa 3. Hakuna timu ya besiboli ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kugeuza mfululizo wa michezo saba kutoka tatu kwa bila. Wakaendelea hadi World Series, wakawashinda St. Louis Cardinals michezo minne kwa bila, na kupata taji lao la kwanza tangu 1918.

Matokeo hayo hayakuifuta ile mikimbio 20. Yankees walikuwa wameimarika na bado wakashindwa, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi. Ndiyo maana shabiki asiogope kumwambia mtani wake, mbele ya watu, kwamba timu yake imekuwa bora. Kukiri huko hakuichukulii timu yako mkimbio hata mmoja. Kunakupa jicho la kuona ugumu wa kilichofanyika: waliotolewa na Boston hawakuwa timu dhaifu iliyovishwa majina makubwa, walikuwa wapigaji wazuri kuliko wale walioiumiza Boston mwaka uliotangulia. Anayempunguza mtani wakati wa kubishana, anaupunguza na ushindi wake mwenyewe siku atakapoupata.