Mwongozo wa Kumpata Rafiki wa Kufa na Kuzikana

Unatafuta rafiki? Huna haja ya kuhangaika. Hadithi za watoto zina ushauri tele; ufuate hatua kwa hatua, halafu uwaachie ndugu zako anwani.

1. Chagua rafiki mwenye meno. Katika hadithi ya Unguja aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, Kima alikaa juu ya mkuyu uliotupa matawi baharini, kila siku akimrushia Papa makuyu. Papa kula matunda? Usiulize. Rafiki hahojiwi.

2. Akikualika kwake, mpande mgongoni. Kima alipofika katikati ya bahari ndipo alipoambiwa kuwa sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Yakikufika hayo, mlaumu mwenyeji wako kwa upole: angesema mapema, maana moyo umeuacha mtini. Akikurudisha kuuchukua, panda juu, ukae huko huko.

3. Azima kitu. Kuku aliazima kwa Mwewe, akapoteza. Wengine husema ilikuwa sindano, wengine wembe. Deni ni lile lile. Hadi leo Kuku anachakura uani, na Mwewe anajilipa kwa vifaranga. Riba hiyo hata mikopo ya simu haijaifikia.

4. Lima shamba kwa ubia na Sungura. Msimu wa jembe ataugua, siku ya mavuno atapona. Mshukuru Mungu kwa afya yake.

5. Mwepuke Charlotte. Huyu ni buibui wa E. B. White, katika kitabu cha mwaka 1952. Alikesha akifuma maneno ya kumsifu nguruwe Wilbur ili asichinjwe, kisha akafa bila kudai hata senti. Mtoto akisoma hayo ataharibika: atadhani marafiki wa aina hiyo wapo, na baya zaidi, atajaribu kuwa mmoja wao.

6. Mwige Templeton, panya wa zizi alimokaa Wilbur. Kifuko cha mayai ya marehemu kilikuwa juu darini, Wilbur hakifikii. Templeton hakupanda mpaka alipoahidiwa kuwa kila chakula kikiletwa, yeye ataanza. Mayai yalipoanguliwa, buibui watatu walibaki kukaa na Wilbur. Panya hakupata hata mmoja, lakini alinenepa vizuri sana.