Tuisifu Platini

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana watu wazima hupima sifa kwa kijiko. Platini tunaweza kuimwagia ndoo nzima. Haina tembo la kuharibu. Imekwisha haribika tangu jana usiku, umande wa bahari ulipopenya chini ya kofia ya distributa.

Kwa vijana ambao gari kwao ni kitu cha kubonyeza kitufe likaitika, nieleze ninayemsifu. Platini ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyokutana na kuachana ndani ya distributa ya gari la petroli la zamani. Vikikutana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Vikiachana, koili inapandwa na hasira na kurusha cheche kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, vinaachana mara 100 kila sekunde. Talaka mia na rejea mia, bila kadhi wala mashahidi, na mahari ni petroli yako. Kisha mtu anashangaa kwamba vinachoka!

Pwani hii msifiwa hutajiwa kwanza nasaba, na platini ni mtoto wa watu. Baba yake ni Charles Kettering, Mmarekani, ambaye mfumo wake wa betri na koili ulifungwa kwenye Cadillac za mwaka 1910. Nyumba hiyohiyo ilitoa ndugu mwingine: mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa chini ya Kettering, aligundua kwamba petroli ikitiwa risasi injini haigongi. Ndugu huyo alitutilia sumu kwenye pumzi miaka na miaka, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipomtimua kufikia mwanzo wa 2006. Platini haikumtilia mtu sumu. Iliwachelewesha tu.

Huko Uingereza ililelewa na kampuni ya Joseph Lucas wa Birmingham, mzee aliyeanza biashara kwa kuuza mafuta ya taa kwenye mkokoteni, na ambaye wenye magari ya kwao walimtunuku, kwa utani, cheo cha Mkuu wa Giza. Distributa ya Lucas ya aina ya 45D4 ilifungwa kwenye MGB, gari la michezo lililoundwa Abingdon, na kwenye baadhi ya Land Rover za Series III. MGB hutaiona Makurunge, tumbo lake lingebaki kwenye tuta la kwanza. Land Rover ndiyo iliyotufikia huku, ikabeba mabwana nyama, mapadri, magunia ya chumvi na maharusi, wakati mwingine wote kwa safari moja.

Nani anayejua mateso yaliyompata yule binamu wa Abingdon? Sheria za moshi zilipoanza kubana Marekani mwaka 1968, MGB za kupelekwa huko zilitundikwa pampu ya hewa, mipira na vali, na baadaye cheche zikaamriwa zichelewe. Nguvu farasi 95 za Uingereza zikabaki kama 62 kwenye gari la Marekani la mwaka 1975. Land Rover za kwetu zilikuja na bomba la kurudisha mvuke wa oili kwenye injini, na hata hilo usishangae ukilikuta limezibwa kwa gunzi. Kwa hiyo mlinzi wa hewa ya Bagamoyo ni nani, kama si platini? Ikiachana kwa kipimo na kwa wakati wake, petroli inaungua ikaisha. Ikikosea, gari linapiga misi na petroli mbichi inatoka nyuma, na mwenye duka la chipsi pembeni anafunika sahani zake. Magari ya Kijapani ya siku hizi yana masega ndani ya ekzosi, yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwa thamani hiyohiyo yamepata wapenzi: hung'olewa yakauzwa, na gari likaendelea na safari likinguruma. Platini yako hakuna anayeitamani. Kwa mali ya mtu wa kawaida hiyo ni neema kubwa.

Tukitaja wizi, hapo sifa inazidi. Ukiegesha karibu na soko la samaki, unafungua kofia ya distributa, unachomoa rota na kuitia mfukoni. Mwizi atapiga stata hadi betri imwombe msamaha. Hakuna king'ora kinachofikia hapo.

Lakini ubora wake wote huonekana Saadani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambako nyika inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, na mashamba ya chumvi yapo jirani. Hewa yenye chumvi hiyo inakula bati la paa. Uso wa platini ni kitafunwa tu. Kanuni ya hifadhi inasema usishuke kwenye gari. Platini haijasoma kanuni. Inakufikisha katikati ya nyasi ndefu, kuro upande huu, kongoni upande ule, na jambo usilolijua kichakani, kisha inakuamuru ufungue boneti. Watalii wanalipia mwongozo ili wawe karibu na maumbile. Wewe umepewa bure, na mgongo umeyapa maumbile yenyewe.

Ukikwama nje ya lango, unapata watu. Bodaboda anasimama, mvuvi anasimama na tenga lake, mtoto wa shule anasimama kwa sababu wengine wamesimama.

"Shikamoo babu. Umefika au umekwama?"

"Marahaba. Nimepumzika."

Anaitwa fundi kutoka chini ya mkwaju. Fila geji hana. Ana kipande cha boksi la kiberiti, ambacho unene wake unakaribia zile milimita 0.35 hadi 0.40 za nafasi ya platini zinazotakiwa na kitabu. Anasugua platini kwa msasa laini, anaipangusa kwa karatasi kavu, anaipaka grisi kidogo pale kisigino chake kinapopanda kwenye kamu, maana kisigino kikilika nafasi inapungua, na cheche zinachelewa bila mtu kugusa kitu. Kwa sababu hiyo platini hutangulia, taimingi hufuata. Anayeanza na taimingi atairudia. Kisha anazungusha hendeli mpaka alama ya puli ikae mahali pake, anachukua balbu ya taa ya nyuma, waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye bodi. Platini ikiachana tu, balbu inawaka, na distributa inakazwa hapo. Kinachobaki ni cha sikio. Cheche zikiwahi mno, injini inagonga kila inapokutana na mchanga. Zikichelewa, gari linachemsha, ekzosi inapiga baruti, na kijiji kizima kinajua umerudi, pamoja na wale unaodaiwa nao.

Nimesikia hoja ya wapinzani. Siku hizi kuna kifaa cha elektroniki kinachokaa palepale pa platini, hakigusani na kitu, hivyo hakiliki. Wauzaji wanaapa kwamba utasahau kama una distributa. Sawa, na fundi wa chini ya mkwaju atakula nini? Tena kifaa hicho kikifa, kinakufa mara moja, bila kuaga. Ukiwa Mkwaja saa kumi na mbili jioni, na simba wameanza kukohoa, utakisugua kwa msasa gani? Platini ina adabu za kizamani: huugua wiki mbili mfululizo, ikikupa habari kila asubuhi, na hata ikikata roho huirudisha kwa dakika kumi kwa kuisugua.

Kwa hiyo wenye magari ya kale wa Bagamoyo, Pangani na Tanga, nawasihi mkikatae kifaa cha elektroniki hadharani, kwa sauti, mbele ya fundi. Kisha mnunue kimoja, mkifiche chini ya kiti.