Namna ya Kugombana na Kaunsili kwa Pauni 60

Ugomvi huu huanza na bahasha ya kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako. Unarudi kazini umechoka, unaikuta nyuma ya mlango: kibali cha kuegesha gari mbele ya nyumba yako mwenyewe kimepanda bei. Usikimbilie barabarani kumtafuta yule kijana wa sare anayebandika faini kwenye vioo. Bei hakupanga yeye, ananyeshewa na mvua ya London kutwa nzima, na huenda ni mtoto wa watu wa kwetu. Msalimie, rudi ndani, teleka chai. Ugomvi wa maana hugombwa kwa kukaa kitako.

Wala usisusie kibali. Ukisusa utaandikiwa faini, na hata ukilipa nusu yake ndani ya siku 14 kama unavyoruhusiwa, hiyo nusu nayo imekwenda na maji. Ukikata rufaa, mwamuzi ataangalia kama faini iliandikwa kihalali. Ughali wa kibali haumhusu. Lipa, tunza risiti, halafu gomba.

Sasa twende Barnet, kaskazini mwa London. Mwaka 2011 kaunsili ya huko ilipandisha kibali cha gari la kwanza kutoka pauni 40 hadi 100, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Mkazi mmoja, mwanasheria, akaipeleka kaunsili Mahakama Kuu. Julai 2013 Jaji Lang akaamua kwamba ongezeko lile halikuwa halali. Swali lililoshinda pale halikuwa “mbona ghali?” Lilikuwa “pesa hizi ni za nini?” Sheria ya mwaka 1984 inayosimamia magari barabarani inairuhusu kaunsili kutoza ada kwa ajili ya kuratibu magari na maegesho. Haikuifanya kuwa mtoza kodi. Barnet ilikuwa imepanga bei ili ipate ziada ya kugharamia mambo mengine ya usafiri, na nia hiyo ndiyo iliyoiangusha.

Kwa hiyo barua yako ibebe swali hilo hilo, na ushahidi uutafute kwao. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo ya 1984 kinaitaka kaunsili iweke hesabu ya mapato na matumizi ya maegesho ya barabarani. Usipoiona, iombe kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000. Wana siku 20 za kazi kukujibu. Kisha soma makabrasha ya vikao vya bajeti, yote, hata yale yanayoleta usingizi. Ukikuta kupanda kwa ada kumetajwa kama njia ya kuongeza mapato, pasipo neno juu ya msongamano wala uhaba wa nafasi, hapo una mfupa wenye nyama. Lakini wakiwa wameeleza kwamba wanapunguza moshi, na gari linalochafua zaidi ndilo linalolipa zaidi, kesi yako ni dhaifu, na majirani wana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako kabla hawajachanga hata senti. Ziada iliyojitokeza yenyewe si kosa. Kosa ni kuiwinda.

Mimi kinachoniuma hasa ni vocha ya mgeni. Kibali hulipwa mara moja kwa mwaka, mtu akajibana akapita. Mgeni hana ratiba. Msiba ukiingia nyumba ya Mswahili hapa, watu hutoka Leicester na Milton Keynes usiku huo huo, na hakuna anayewauliza wameegesha wapi. Magari kumi kwa bei ile ya Barnet ni pauni 40 kwa mkupuo mmoja, na mchele wa matanga bado haujanunuliwa. Ng’ambo ya barabara yupo bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake. Binti yake huja kumwogesha na kumpikia, naye pia huegesha kwa vocha. Hao wawili, mfiwa na bibi, ndio wa kuandikwa mwanzoni mwa barua. Andika wageni wangapi, mara ngapi kwa mwezi, pauni ngapi. Kisha vuka barabara, mwombe bibi naye atie sahihi. Atakukaribisha ndani, kaa, unywe chai yake, hata kama maziwa ni tone tu na sukari hakuna. Barua yenye sahihi za mtaa mzima ina uzito ambao barua ya mtu mmoja haina.

Na fanya haraka. Tangazo la kubadili ada linatakiwa kuchapwa kwenye gazeti la mtaani angalau siku 21 kabla ya bei mpya kuanza. Hizo ndizo siku zako za kumsaka diwani na kubisha milango. Ombi la kutaka mahakama ipitie uamuzi wa kaunsili haliwezi kuvuka miezi mitatu tangu uamuzi ufanywe, na majaji hutaka uje mapema kuliko hapo. Kilichobadilishwa kikiwa ni amri yenyewe ya maegesho, una wiki sita tu. Chai ikiisha, toka nje hadi kwenye nguzo ya taa, utafute karatasi ya tangazo iliyofungwa kwa kamba ya plastiki. Ipige picha, tarehe ionekane.