Shangazi, Jina Langu Limetozwa Ushuru

Kwako Shangazi,
Niliitwa Zakayo kwa heshima ya babu, mzee wa kanisa. Tangu 2023 sina raha. Nikipanda matatu, kondakta ananiuliza mbona nimepandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka uliofuata mwenye duka akanifungia mkate nyuma ya kaunta, ati nitautoza pia. Nibadilishe jina?
— Zakayo, Nakuru

Pole, mwanangu. Kabla ya Wakenya kumvika Rais William Ruto jina hilo, lilikuwa limejilalia kwenye vitabu vya ubatizo, likisubiri wajukuu watiifu kama wewe. Juni 2024 likajaa barabarani, vijana wakimtaka Zakayo ashuke.

Shida ni kwamba watu huifunga Biblia Zakayo wake akiwa bado mtini. Kweli, alikuwa mkuu wa watoza ushuru Yeriko, tajiri, mfupi, akaparamia mkuyu ili amwone Yesu. Lakini wasomee Luka 19, aya ya 8: nusu ya mali yake aliitoa kwa maskini, na aliyedhulumiwa akaahidi kumrudishia mara nne. Mara nne! Mimi nangojea kurudishiwa mara moja tu, tena bila riba.

Baadaye akapandishwa cheo. Mapokeo ya kale yanamtaja kuwa askofu wa Kaisaria. Huko Rocamadour, Ufaransa, maiti ilifukuliwa mwaka 1166, na hatimaye wenyeji wakashikilia kuwa ndiye yeye, amekuja kuishi kwao kama mtawa. (Mahujaji walimiminika, biashara ni biashara.) Na hapa kwetu, Zacchaeus Chesoni alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 1997. Huyo akiingia mahakamani watu walisimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

Usibadilishe. Ila kwenye matatu, jiite Zack.

Shangazi mpendwa,
Mume wangu anataka kifungua mimba wetu aitwe Zakayo, jina la babake. Naogopa atachekwa shuleni.
— Mjamzito, Nyeri

Mtoto akifika darasa la kwanza, Wakenya watakuwa wameshambandika mtu mwingine jina jipya. Mkubalie, ila kwanza muulize baba mkwe ataleta mbuzi wangapi. Na akizaliwa msichana, yamekwisha.

Shangazi,
Hawa akina Zakayo wananichekesha sana.
— Mathayo, Kisumu

Mathayo, nyamaza. Wewe nawe ulikutwa umeketi forodhani. Bahati yako hawajasoma huko.