Mjomba Yuko Uswidi: Maneno Sita ya Undugu kutoka Skandinavia

Haya watani, sogeeni! Leo tunapiga hodi kaskazini ya mbali, tunahesabu kushuka kutoka sita hadi moja.

6. Kusin. Huyu ni binamu kwa Kiswidi. Neno limetoka Ufaransa; zamani walisema *syskonbarn*, mtoto wa ndugu. Tusiwacheke kwa kuazima: binamu wetu naye alishuka jahazini kutoka Uarabuni, akawa mwenyeji.

5. Tremenning. Mnorwei humwita hivi mjukuu wa ndugu wa babu yake. *Tre* ni tatu: kila mmoja yuko ngazi tatu chini ya mzee wao mmoja. Wa ngazi nne ni *firmenning*. Kwenye harusi ya ukoo, njoo na vidole vya kutosha.

4. Gift. Kwa Kiswidi, Kinorwei na Kidenmark, maana yake ni "mwenye ndoa". Maana yake nyingine ni "sumu". Msikimbie! Yote mawili yamezaliwa na kitenzi cha kutoa: bibi harusi alitolewa na wazazi, na sumu ni kitu alichopewa mtu anywe.

3. Mambo. Poa! Sasa sikilizeni. Mpenzi unayeishi naye nyumba moja bila ndoa, Waswidi humwita *sambo*: *sam* ni pamoja, *bo* ni kukaa. Ana hata sheria yake, ya mwaka 2003, kuhusu kugawana nyumba na vyombo mkiachana. Wapenzi wanaokaa kila mtu kwake ni *särbo*. Na mtu mzima ambaye bado anakaa kwa mama? Huyo ndiye *mambo*! Msalimie kijana wa Stockholm kwa Kiswahili uone atakavyoanza kujitetea kuhusu kodi ya nyumba.

2. Frændi. Kule Iceland, mjomba, mpwa na binamu wa kiume wote ni *frændi*. Wa kike ni *frænka*. Zamani *frændi* lilikuwa "apendaye". Kwa Waingereza shina hilohilo limezaa neno la rafiki. Nalipenda mno neno hili: undugu ulioanza kwa kitenzi cha kupenda!

1. Morbror. Kwa Kiswidi, *mor* ni mama, *bror* ni kaka. Mjomba huyo, jamani! Kaka wa baba ni *farbror*. Dada wa baba, *far* na *syster*, amebanwa akawa *faster*: shangazi. Dada wa mama ni *moster*, awe mama mkubwa au mama mdogo, maana hapo Mswidi haulizi nani alitangulia kuzaliwa. Bibi mzaa mama ni *mormor*, mzaa baba ni *farmor*. Babu nao ni *morfar* na *farfar*. Mtoto akitaja tu jina la mzee, upande umeshajulikana.

Wanorwei wengi siku hizi husema *onkel* na *tante* kwa pande zote mbili, maneno ya Kifaransa yaliyopitia Ujerumani. Hapo nawasikitikia kweli. Nanyi mnaomwita kila mtu "anko", mrudishieni mjomba jina lake.