YAH: Ombi la Wataalamu Wanaojua Kila Kitu Kabla ya Saa Mbili Usiku

Kwa Mkurugenzi wa Mawasiliano na Masoko,
Chuo Kikuu (jina tunalo).

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhariri wa zamu ya jioni katika chumba cha habari hapa Dar es Salaam, na ni mteja wenu wa siku nyingi. Nakuandikia kushukuru, kulalamika na kuomba, kwa mpangilio huohuo, maana nimeshaona kwamba anayeanza na ombi barua yake huishia masijala.

Shukrani kwanza. Jarida lenu la mwezi limenifikia, na nimeusoma kwa furaha ukurasa wa "Wanataaluma Wetu Katika Habari". Jedwali limepangwa kama msimamo wa ligi: Shule ya Afya inaongoza, Idara ya Haki Jinai inaifuata kwa karibu, na watani hao wawili wameziacha mbali Fizikia na Isimu, ambazo inaonekana zimeshuka daraja. Nimeona pia kwamba kila anayesikika redioni anapata alama yake, awe amesema la maana au amesema tu. Wahenga walidai heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwa na jedwali. Kwenu aliyejikwaa ulimi saa mbili usiku anahesabiwa sawa na aliyesimama wima.

Mchezaji wenu bora kwangu ni yule wa Shule ya Afya niliyemhifadhi kwenye simu kwa jina la Dk. Chapchap. Uzamivu wake ni wa lishe ya watoto wachanga. Nimemhoji kuhusu kipindupindu, nguvu za kiume, ajali za bodaboda, msongo wa mawazo wa wasanii na, siku moja mgeni wa studio alipokwama kwenye foleni ya Ubungo, tetemeko la ardhi. Hajawahi kuniangusha. Simu haijaita mara ya pili keshapokea, na jibu lake huja na "kwanza, pili, tatu", hata kama la tatu ni lile la kwanza lililobadilisha shati.

Upande wa haki jinai ninaye Mwalimu Malezi. Wakiiba pikipiki Mbagala, tatizo ni malezi. Mume akimuua mkewe, malezi. Vijana wa Panya Road walipolitia jiji kiwewe Januari 2015, watu wakakimbia hata wasijue wanamkimbia nani, yalikuwa malezi. Jina hilo liliporudi midomoni mwaka 2022, malezi yalikuwa bado hayajatengemaa. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilitumia miezi kadhaa kuchunguza kinachozisumbua taasisi zetu za haki jinai, polisi na magereza zikiwamo. Mwalimu Malezi angewamalizia kazi hiyo kwa sekunde 20, na nauli wasingemlipa.

Sasa malalamiko. Mna mtu pale anayewaangusha kwenye msimamo. Nimemhifadhi kwa jina la Dk. Subiri. Julai 2022, habari zilipotufikia kwamba huko Lindi watu wanaumwa homa na kutokwa damu puani, na kwamba watatu wameshafariki, nilimpigia yeye kwanza kwa sababu magonjwa ya kuambukiza ndiyo kazi yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mhariri, sijui. Sampuli ziko maabara. Nitakupigia majibu yakitoka."

Hajui! Saa moja na nusu usiku! "Sijui" haina picha, haina kichwa cha habari, na haijazi hata nusu dakika. Nikamgeukia Dk. Chapchap, naye akatupatia Ebola, Marburg na Uviko-19 kwa mpigo, tuchague wenyewe. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kwamba vipimo vya magonjwa hayo yote matatu ni hasi. Ugonjwa ulikuwa leptospirosisi, yaani homa ya mgunda: bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na kuingia kwenye maji na udongo, na mgonjwa akiwahiwa hutibika kwa antibiotiki. Nikaja kujua pia kwamba pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wapo watafiti waliokuwa wakiwachunguza panya na bakteria hao kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyekuwamo kwenye simu yangu. Panya pekee niliyekuwa na mtaalamu wake ni Panya Road.

Mtaniambia haya ni maneno ya redioni tu, yanayosemwa saa mbili na kusahaulika saa tatu. Nami niliamini hivyo, mpaka nikasoma habari za wenzetu waliotutangulia katika fani hii.

Mwaka 1995 huko Marekani, Profesa John DiIulio wa Princeton aliandika kwamba linakuja wimbi la vijana wahalifu wasio na chembe ya utu, akawapa jina linalomfaa simba mla watu. Jina likavinogea vyumba vya habari, wanasiasa wakalidaka, na majimbo yakazidi kulegeza masharti ya kumshtaki mtoto kama mtu mzima. Wimbi halikuja, uhalifu wa vijana ukashuka. Mwaka 2012 DiIulio mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasomi walioiandikia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwamba ubashiri ule haukutimia. Muungwana hukiri. Lakini kijana hawezi kurudishiwa ujana wake kwa barua ya profesa.

Na Uingereza, mwaka 1999, Profesa Roy Meadow, bingwa wa magonjwa ya watoto, alitoa ushahidi katika kesi ya Sally Clark, mama aliyeshtakiwa kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla bila sababu kujulikana ni mmoja kati ya milioni 73. Namba hiyo ilitokana na kuchukua uwezekano wa mtoto mmoja kufa hivyo, mmoja kati ya 8,543, na kuuzidisha kwa wenyewe, kana kwamba kifo cha mtoto wa kwanza hakiwezi kuwa na uhusiano wowote na cha mdogo wake aliyezaliwa na wazazi walewale katika nyumba ileile. Clark akafungwa. Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu kikatamka wazi kwamba hesabu ile haina msingi. Hukumu ilifutwa mwaka 2003, baada ya kugundulika majibu ya maabara ambayo daktari aliyechunguza maiti hakuyaweka wazi. Mwaka 2007 mama yule akafariki dunia.

Meadow hakuwa kanjanja. Alikuwa daktari aliyesomea watoto, akatoa jibu la hesabu kwa sauti ileile aliyozoea kutolea majibu ya watoto. Na ile namba ilikuwa fupi, ya kutisha, rahisi kukumbuka. Ningeirusha hata mimi, tena nikiwa wa kwanza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Moja, jedwali lenu liongezewe safu ya "Mara alizosema hajui", na kila mara ihesabiwe alama mbili.

Mbili, kila mtaalamu awekewe bikoni kama kiwanja kilichopimwa, ili nikimvusha mpaka wake nijue kwamba nimevamia shamba la mtu.

Tatu, Mwalimu Malezi apewe likizo ya masomo, ndefu.

Kwa upande wangu nitajitahidi, ingawa siahidi sana, maana saa mbili haijawahi kumngoja mtu. Tena kuna jambo sikulisema hapo juu. Siku Wizara ilipotangaza homa ya mgunda, Dk. Subiri alinipigia mara tatu, kama alivyoahidi. Nilipokosa kupokea, akaniandikia ujumbe mrefu: wakulima wavae buti wanapoingia kwenye maji yaliyotuama, chakula kifunikwe panya wasikifikie, mwenye homa awahi kituo cha afya asingoje damu. Ulikuwa na kila kitu ambacho mtu wa Lindi alihitaji kusikia jioni ile. Niliusoma kesho yake asubuhi. Simu zake zilipoingia nilikuwa hewani na Mwalimu Malezi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa lenye taarifa,

Mhariri wa Zamu ya Jioni

Nakala kwa:
Dk. Chapchap (ameshatoa maoni kabla haijamfikia)
Mwalimu Malezi (kwa taarifa na malezi)
Dk. Subiri (ajibu akipata majibu)